Mbuzi Kibogoyo

Soko la vitu vya Afrika hufunguliwa Ijumaa, huku Sib,
nyuma ya mitende, jua likishalegea.
Katikati pana mkahawa, na viyoyozi vimeelekezwa nje
kana kwamba vimeajiriwa kuipoza dunia.
Nimekuja kutafuta zawadi ya harusi ya Thuwaiba.
Nimejiapiza: riyali ishirini, sizidishi baisa.

Vinyago vya Kimakonde vimepanga foleni
kama wanaosubiri muhuri wa viza.
Vyondo vimening'inizwa, vikoi vimekunjwa
na kunyunyizwa udi visinuke safari.
Na kule juu, Mola wangu, kifumbu!
Kifumbu kile kile cha kukamulia tui
kimetiwa balbu tumboni, kimekuwa taa.
Mwanga unachuruzika matunduni
matone kwa matone, na vijana wawili mezani
wanakunywa karaki, hawana habari
wamekaa chini ya tui.

Ungo ukutani. Kawa ukutani.
Jiko zima la mama limepandishwa ukutani
likaambiwa litulie, litazamwe.

Ndipo nikamwona, pembeni, shingo kainyoosha.
Ulimi ukaniteleza, nikatafsiri kwa Kiarabu neno kwa neno:
"Mbuzi huyu kiasi gani?"
Muuzaji, Muhannad, akatazama kulia,
akatazama kushoto, akachungulia chini ya meza.
"Shangazi, mnada wa mbuzi uko Nizwa. Na ni asubuhi."
Nikamgusa kichwa. "Huyu."
"Ah! Hicho kiti cha mtoto.
Au weka chungu cha maua."

Nikapapasa ncha ya shingo: laini,
imepigwa msasa, imepakwa vanishi.
"Kulikuwa na chuma," akasema kwa fahari,
"tumeking'oa, kisije kikamdhuru mtu."

"Masikini," nikanong'ona kwa lugha ya nyumbani,
"mbuzi wamekufanya kibogoyo."

Sinia likatua mezani, kwa kishindo.
Mhudumu wa mkahawa, Somoe, ndivyo kibati kifuani kilivyosema,
mtu wa Kilwa, ndivyo sauti ilivyosema,
hakuomba ruhusa. Akakusanya aproni,
akamkalia mbuzi ubavu, miguu upande,
akapindua kikombe kikawa kifuu,
akakuna.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.
Akakuna hewa, akikizungusha kikombe
kama asemaye ukibakisha nyama utapigwa.
Vijana wa karaki wakatoa simu.
Muhannad mdomo wazi.

"Nilikimbia nazi, dada," akaniambia, mkono haujasimama.
"Kila alfajiri nazi, kila jioni nazi.
Nimekuja mpaka huku, nimekuta mbuzi,
nazi yenyewe hakuna."
Msimamizi akamwita. Akainuka,
akajipangusa aproni kana kwamba ina chicha.

Sasa bei. Riyali kumi na nane.
Nikasema kibogoyo huuzwa nusu.
Akaapa, nikaapa, nikaondoka hatua saba,
akaniita ya nane. Kumi na moja na nusu.
Kifumbu alikataa katakata:
taa ni mali ya mkahawa.
Thuwaiba nilimnunulia kikoi. Ataelewa, au hataelewa.

Jumamosi nikambeba mbuzi hadi Matrah,
kwa fundi wa majambia, uchochoro wa tatu.
Nikamweleza: ulimi wa chuma, upana vidole vitatu,
ukingo uwe na meno.
Akashusha miwani.
"Unakwenda kupigana na nani?"
"Na nazi za Salala."
Hakucheka. Akachukua penseli.
"Meno mangapi?"

Miaka yote ile, sikuwahi kuyahesabu.
Nikamnyooshea kidole gumba cha kulia,
kovu la utotoni, mistari ya weupe.
"Manne hapa," nikamwambia.
"Mengine yalinikosa."